Siku Tatu Santo Domingo: Namna ya Kuutembea Mji Mkongwe wa Karibi

Watalii wengi waendao Jamhuri ya Dominika hushukia Punta Cana, wakakaa hotelini kando ya bahari wiki nzima, wakarudi kwao bila kuuona mji mkuu. Mwongozo huu ni wa msafiri anayeitaka Santo Domingo yenyewe: mji ulioanzishwa na Wahispania kabla ya mwaka 1500, ukahamishiwa ukingo wa magharibi wa mto Ozama mwaka 1502 baada ya kimbunga, na ambao mpaka leo watu wanapika, wanafua na kusukana nywele ndani ya nyumba zake za kale. Nimeuandika kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili, kwa sababu kuna mambo ambayo vitabu vya watalii haviwaambii watu weusi, na mengine ambayo mtu wa pwani yetu atayatambua mwenyewe bila kuelezwa.

Tenga siku tatu kamili. Mbili zitakuishia kwenye majumba ya Wahispania, na ukiondoka hapo utakuwa umesikia nusu ya habari.

Hatua ya 1: Makaratasi kwanza, tiketi baadaye

Kutoka Nairobi au Dar es Salaam hakuna ndege ya moja kwa moja. Wengi hupitia Madrid au Paris, wengine New York au Miami. Angalia njia hiyo kabla hujalipa. Marekani inataka viza hata kwa anayebadilisha ndege tu bila kutoka uwanjani. Upande wa Ulaya, mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hudaiwa viza ya kupita uwanja wa ndege. Watu wamezuiwa kupanda ndege Nairobi kwa ajili hii, mizigo ikiwa imeshafungwa na tiketi isiyorudishika iko mkononi.

Kuhusu viza ya Dominika yenyewe, masharti yanategemea pasipoti yako, kwa hiyo uandikie ubalozi wao unaohudumia nchi yako na upate jibu la maandishi. Liko jambo moja linalowarahisishia ndugu wengi, hasa walioko Ulaya na Amerika Kaskazini: mwenye viza halali au kibali cha ukaazi cha Marekani, Kanada, Uingereza au nchi za Schengen huruhusiwa kuingia kama mtalii bila kuomba viza nyingine. Ada ya kadi ya utalii, dola 10, kwa kawaida huwa imeshaingizwa kwenye bei ya tiketi. Chapisha kanuni hiyo kutoka tovuti ya ubalozi uibebe. Mhudumu wa kaunta ya ndege Entebbe au Kilimanjaro hapokei abiria wa Santo Domingo kila siku, na karatasi mkononi humaliza ubishi haraka.

Kuna pia fomu ya mtandaoni iitwayo E-Ticket, ambayo kila abiria huijaza wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Haina malipo yoyote. Ukiona tovuti inakudai dola kwa fomu hiyo, toka humo. Si ya serikali. Ukishajaza utapewa msimbo wa QR, uhifadhi kwenye simu na uchapishe nakala, maana intaneti ya uwanjani si ya kuitegemea. Bebea na kadi yako ya njano ya chanjo. Sisi tutokao ukanda wa homa ya manjano hatuna sababu ya kuiacha nyumbani.

Hatua ya 2: Chagua msimu, chagua pa kulala

Msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na miezi mibaya zaidi ni Agosti, Septemba na Oktoba. Kati ya Desemba na Aprili mvua hupungua na joto huwa la kustahimilika. Februari ni mwezi wa kanivali, na tarehe 27 ya mwezi huo ni Siku ya Uhuru. Hapo kuna jambo linalomshangaza Mwafrika: Wadominika wanausherehekea uhuru wa mwaka 1844 walioupata kutoka kwa Haiti, jirani yao, si ule wa kutoka kwa Wahispania. Likumbuke, maana litakusaidia kuelewa mengi utakayoyaona barabarani.

Lala ndani ya Zona Colonial, yaani mji mkongwe wenyewe, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1990. Ziko nyumba za wageni ndogo ndani ya majengo ya zamani: mlango mzito wa mbao barabarani, kuta nene, halafu ghafla ua wa ndani wenye mti na kivuli. Aliyewahi kulala Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu ataujua mpango huo. Omba chumba kinachotazama uani, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi muziki wa mtaani haulali.

Saa zao ziko saba nyuma ya zetu. Kwetu ikiwa saa mbili usiku, kwao ni saa saba mchana. Umeme wao ni wa volti 110 na plagi ni za pini mbili bapa kama Marekani, basi nunua adapta kabla ya safari, na usichomeke mashine ya nywele ya volti 240 ukitegemea ifanye kazi.

Hatua ya 3: Kutua, na neno kuhusu ngozi yako

Uwanja wa ndege wa Las Américas uko mashariki mwa mji, na barabara ya kuingilia inafuata bahari. Teksi za uwanjani zina bei ya kupanga. Patana kabla ya kufungua mlango. Uber na inDrive zinafanya kazi mjini, na kwa mgeni asiyejua Kihispania ndizo nafuu zaidi kwa mfuko na kwa moyo.

Jina kamili la uwanja huo ni la José Francisco Peña Gómez, mwanasiasa mweusi aliyewahi kuwa meya wa Santo Domingo. Alizaliwa mwaka 1937, mwaka uleule ambao serikali ya dikteta Trujillo iliua maelfu ya Wahaiti karibu na mpaka, akalelewa na familia ya Kidominika. Alipogombea urais mwaka 1994, wapinzani wake walimpiga vita kwa kumwita Mhaiti. Leo kila mgeni anapita chini ya jina lake.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu yanakuhusu. Jamhuri ya Dominika imekuwa ikiwarudisha Wahaiti kwao kwa wingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Katiba iliwavua uraia hata watu waliozaliwa nchini humo na wazazi wahamiaji wasio na vibali. Novemba 2022 ubalozi wa Marekani uliwatahadharisha raia wake wenye ngozi nyeusi kwamba wanaweza kusimamishwa na kuhojiwa. Mtu wa Kisumu, Bukoba au Bukavu akivaa fulana na kandambili, machoni mwa askari wa uhamiaji anaweza kuwa Mhaiti. Mimi nilisimamishwa mara moja, jioni, na watu wawili wenye sare. Nilitoa nakala ya pasipoti, nikawaonyesha picha ya muhuri wa kuingilia kwenye simu, nikawasalimia kwa utulivu, wakaniachia ndani ya dakika tano. Aliyesimamishwa pembeni yangu hakuwa na karatasi. Alipandishwa kwenye gari, na uso wake ninao mpaka leo.

Kwa hiyo fanya hivi: pasipoti halisi iache kwenye kasha la hotelini, tembea na nakala ya ukurasa wa picha pamoja na ukurasa wa muhuri, na picha zake ziwe kwenye simu. Ukisimamishwa usikimbie, usipandishe sauti, sema "soy turista", yaani mimi ni mtalii, na utaje nchi yako. Watu wa kawaida mitaani ni wakarimu mno, na wengi wao wana rangi yako au inayokaribiana nayo. Sikuandika haya ili uahirishe safari. Nataka uende ukiwa umejiandaa.

Hatua ya 4: Pesa, salamu na usafiri

Fedha yao ni peso. Kadi zinapokewa kwenye mikahawa na maduka makubwa, lakini kwa guagua (daladala zao), machungwa na kahawa ya mtaani utahitaji noti ndogo. Badilisha dola au yuro kwenye maduka ya kubadilishia fedha, usibadilishe na mtu wa barabarani.

Halafu kuna hili la bili. Mgahawani, bei iliyoandikwa kwenye menyu mara nyingi haijajumlisha kodi ya asilimia 18 na huduma ya asilimia 10. Chakula cha peso 1,000 kinakuwa peso 1,280. Si wizi, ni sheria. Ukilijua hilo hutagombana na mhudumu.

Usiingie mahali bila kusalimia. Neno "buenas" linatosha, dukani, kwenye teksi, hata kwenye chumba cha kusubiri. Ukiwapita watu wanakula, waambie "buen provecho". Mtu wa pwani hatapata taabu hapo. Jihadhari na "ahorita": sehemu nyingine neno hilo ni "sasa hivi", ila kwa Mdominika ni "baadaye kidogo", na kidogo hicho hakina kipimo.

Guagua ni daladala au matatu, na kondakta wake ananing'inia mlangoni akiita abiria kama wetu. Concho ni teksi ya kuchangia inayofuata njia moja, gari dogo linalopakia wanne nyuma na wawili mbele pembeni ya dereva. Motoconcho ni bodaboda. Vyote ni vya bei nafuu. Mgeni wa siku ya kwanza ningemshauri aviangalie kwanza, avipande siku ya pili. Simu usiishike mkononi ukingoni mwa barabara, maana wanyakuzi huja kwa pikipiki.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, mji mkongwe kwa miguu

Usiifanye Jumatatu, kwa kuwa makumbusho mengi hufungwa siku hiyo. Toka saa mbili asubuhi, kabla jua halijakaza. Vaa suruali au sketi ndefu na nguo yenye mikono, kwa sababu kanisani na kwenye Panteón Nacional, makaburi ya mashujaa wa taifa, kaptula na mabega wazi havikubaliki. Beba chupa ya maji, na ujaze kutoka kwenye madumu makubwa ya maji safi waliyonayo hotelini, usijaze ya bomba.

Anzia Parque Colón. Katikati kuna sanamu ya Christopher Columbus, Colón kwa lugha yao, akinyoosha kidole. Watu wengi hupiga picha wakaondoka. Wewe shuka kwa macho mpaka kwenye kitako cha sanamu. Kuna mwanamke nusu uchi anakwea, ameshika kalamu, anaandika sifa za Colón. Wenyeji husema ni Anacaona, malkia wa Wataíno, watu waliokuwa na kisiwa hiki kabla ya wote. Anacaona mwenyewe aliuawa kwa kunyongwa mwaka 1503 kwa amri ya gavana Nicolás de Ovando. Na hapa amewekwa, anamwandikia sifa aliyewaleta wauaji wake. Kaa kwenye benchi mbele yake dakika kumi.

Kanisa kuu liko upande wa kusini wa bustani, lilimalizika mnamo 1540 na ndilo kanisa kuu la kwanza la Amerika. Kabla ya kuingia, sogelea ukuta uuguse. Jiwe ni la rangi ya asali iliyofifia, lina vitundu, na ukitazama kwa karibu utaona alama za matumbawe na magamba ya konokono. Ni jiwe la bahari, ndugu wa lile lililojengea Fort Jesus, misikiti ya Lamu na nyumba za Shangani. Nilipoligusa vumbi lake jeupe likabaki kwenye ncha za vidole vyangu, sawasawa na vumbi la kuta za nyumba ya bibi. Ndani kuna baridi na matao marefu. Mwaka 1586 haramia wa Kiingereza Francis Drake aliuteka mji, akakaa na watu wake humo kanisani kwa muda wa mwezi hivi, akaondoka baada ya kulipwa ducado 25,000, sarafu za dhahabu za wakati ule.

Ukitoka, shuka hadi Calle Las Damas, barabara ya kwanza kuwekwa mawe katika Amerika yote. Upande wa kusini iko ngome ya Ozama, iliyojengwa kati ya 1502 na 1508, karibu miaka tisini kabla ya Wareno kuanza Fort Jesus. Panda mnara wake, Torre del Homenaje. Ngazi ni nyembamba, lakini juu utauona mto, bandari na mji wote, na utaelewa kwa nini walipachagua.

Rudi kaskazini kwa barabara ileile. Panteón Nacional, lililokuwa kanisa la Wajesuiti, litakuchukua robo saa. Museo de las Casas Reales lipe saa moja kama unapenda silaha na ramani. Kama hupendi, tazama tu saa ya jua iliyo ng'ambo ya barabara, ya mwaka 1753, kisha endelea.

Mwisho wa barabara ni Plaza España na Alcázar de Colón, kasri la Diego Colón, mtoto wa Columbus, na mkewe María de Toledo. Wapambe wa huyu mama ndio walioipa Las Damas jina lake. Utaonyeshwa vitanda, mapazia na vyombo vya fedha. Kifaa cha maelezo ya sauti kitazungumza sana kuhusu fanicha. Wewe beba taarifa hii kichwani: Diego Colón alikuwa na shamba la miwa na kinu cha sukari nje ya mji, na usiku wa Krismasi wa mwaka 1521 Waafrika waliokuwa watumwa wake, wengi wao Wawolof wa Afrika Magharibi, waliamka wakashika silaha. Ni uasi wa kwanza mkubwa wa watumwa unaojulikana katika Amerika. Ulizimwa kwa damu, na wiki mbili hazikupita kabla ya gavana kutunga sheria kali za kuwabana watu weusi, Januari 1522. Gavana huyo ni Diego Colón mwenyewe, mwenye kitanda unachokitazama.

Baada ya chakula cha mchana panda mlima mdogo hadi magofu ya San Francisco, kisha teremka Calle Hostos hadi magofu ya San Nicolás de Bari. Hii ilikuwa hospitali ya kwanza ya Amerika, ilianza mwaka 1503. Paa halipo, njiwa wamejaa kwenye matao. Mapokeo ya zamani ya mji yanasema kabla ya hospitali kulikuwa na kibanda cha mwanamke mweusi aliyewakusanya wagonjwa maskini akawauguza, na Wahispania wakajenga juu ya kazi yake. Jina lake halikuandikwa. Wanamwita La Negra del Hospital tu. Katika mji huu ambako kila jiwe lina jina la gavana au askofu, mimi hapo ndipo ninaporudi kila safari.

Ukiwa bado na nguvu, malizia kwenye Convento de los Dominicos. Desemba 1511 padri Antonio de Montesinos alihubiri mjini humu akawakemea walowezi kwa kuwatesa Wataíno. Ilikuwa sauti ya kijasiri. Lakini Wataíno walivyozidi kufa, walioletwa kujaza nafasi zao walikuwa Waafrika.

Hatua ya 6: Kula

Hapa mtu wetu anajikuta nyumbani. Chakula cha mchana cha kila siku huitwa "la bandera", bendera: wali mweupe, maharage ya rojo na nyama. Moro de guandules con coco ni wali uliopikwa na mbaazi kwa tui la nazi. Mtu wa Tanga au Mombasa atakula kijiko cha kwanza akanyamaza. Locrio ni wali unaopikwa pamoja na nyama na viungo, jamaa ya pilau. Asubuhi kuna mangú, ndizi za kijani zilizochemshwa zikapondwa zikawekewa vitunguu vya siki juu, na mla matoke hatahitaji mkalimani.

Lililonifurahisha kuliko yote ni concón. Concón ni ukoko. Kwao ukoko si wa kutupa wala wa watoto tu jikoni, unaulizwa kwa jina. Nenda kwenye comedor, yaani hoteli ndogo ya mama ntilie, saa sita na nusu mchana, na useme "¿hay concón?" Mama atainamia sufuria nene ya alumini, akwangue chini kwa kijiko cha chuma, utausikia mlio wake mpaka mezani, kisha atakuwekea vipande vya kahawia vinavyong'aa mafuta na kuvimwagia rojo la maharage. Kuanzia hapo ukirudi kesho anakukumbuka.

Onja pia casabe, mkate mkavu wa muhogo waliouacha Wataíno, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2024. Muhogo tunaochemsha na kukaanga kwetu ulitoka Amerika, ukaja Afrika kwa meli za Wareno.

Kwa Waislamu: nguruwe yuko kila mahali. Salami ya asubuhi, chicharrón, na mara nyingine hata maharage hutiwa kipande. Sema "sin cerdo, por favor" na uulize maharage yamepikwa na nini. Samaki na kuku vipo vingi. Msikiti upo mjini, nje ya Zona Colonial, na kwa teksi si mbali.

Jioni tafuta colmado, duka la mtaa linalouza kila kitu kuanzia sabuni hadi mchele wa kupima. Jua likizama viti vya plastiki hutolewa nje, muziki wa bachata unafunguliwa, na meza ya dhumna inaanza. Wanaume wanayapiga mawe mezani kwa kishindo, kama kwenye baraza za Malindi, Unguja. Ukikaa pembeni kwa adabu, mtu atakusogezea kiti.

Hatua ya 7: Siku ya pili, ng'ambo ya mto

Asubuhi vuka Ozama kwa teksi hadi Los Tres Ojos, mapango ya chokaa yaliyobomoka dari na kuacha maziwa ya maji ya kijani na buluu. Ngazi ni nyingi na zinateleza, vaa viatu vya kushika. Jina lasema macho matatu, lakini lipo ziwa la nne, unavushwa kwa chelezo kinachovutwa kwa kamba. Fika mapema kabla mabasi ya Punta Cana hayajashusha watu.

Karibu na hapo limesimama Faro a Colón, jengo kubwa la zege lenye umbo la msalaba, lililozinduliwa mwaka 1992 kuadhimisha miaka 500 tangu Colón afike Amerika. Wadominika wanasema mifupa yake iko humo, wakishikilia sanduku la risasi lililofukuliwa kanisani mwaka 1877. Sevilla nako Hispania wanasema wanayo wao. Ili kupisha ujenzi, familia nyingi maskini ziliondolewa kwenye nyumba zao. Kulitazama kwa nje kunatosha.

Mchana nenda Plaza de la Cultura. Mbele ya Museo del Hombre Dominicano tafuta sanamu ya Sebastián Lemba, Mwafrika aliyetoroka utumwani katika miaka ya 1500 akaongoza vikosi vya watoro milimani kwa miaka mingi. Amesimama na minyororo iliyokatika. Pembeni yake yuko Enriquillo, kiongozi wa Wataíno aliyepigana na Wahispania vilevile, na padri Bartolomé de las Casas.

Jua likipoa, malizia Malecón, barabara ya ufukweni. Sanamu ya Montesinos iko hapo, zawadi ya Meksiko ya mwaka 1982, jitu la mawe limeweka kiganja mdomoni linapiga kelele kuelekea baharini.

Hatua ya 8: Siku ya tatu, metro hadi Villa Mella

Metro haifiki Zona Colonial. Chukua teksi hadi kituo cha Joaquín Balaguer, nunua kadi dirishani, panda Njia ya 1 kuelekea kaskazini hadi mwisho. Ni safi, ina baridi, na bei yake haiumizi mfuko wa mwanafunzi. Soma majina ya vituo ukipita. Hermanas Mirabal ni akina dada watatu waliouawa na utawala wa Trujillo Novemba 25, 1960. Kwa ajili yao dunia nzima huadhimisha siku hiyo kupinga ukatili dhidi ya wanawake. Kituo cha mwisho, Mamá Tingó, ni cha Florinda Soriano, mkulima mweusi aliyepigania ardhi ya wanavijiji wenzake akauawa mwaka 1974.

Umefika Villa Mella. Hapa ndipo nyumbani kwa Cofradía de los Congos del Espíritu Santo, chama cha udugu ambacho asili yake huhesabiwa tangu miaka ya 1500, na ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2001. Ngoma zao zinaitwa congos. Kubwa hubeba mdundo mzito, ndogo inajibu, na vijiti vya mbao viitwavyo canoíta vinagonga juu yao pamoja na kayamba. Hupigwa kwenye sikukuu ya Roho Mtakatifu, mnamo Mei au Juni, na ile ya Bikira wa Rozari, Oktoba. Hupigwa pia msibani: kuna sala, siku tisa za matanga, na baada ya miaka mitatu sherehe iitwayo banko, ambapo marehemu hutengenezewa mfano wake, walio hai wakamuaga na wageni wote wakacheza. Mkongomani anayesoma hapa, au mtu yeyote aliyehudhuria kumaliza matanga kwao, aelewe nasema nini.

Hii si maonyesho ya watalii. Muulize mwenyeji wa nyumba unayolala akuunganishe na mtu wa huko, hasa wa kitongoji cha Mata los Indios. Ukialikwa, vaa nguo ya heshima, salimia wazee kwanza, peleka mchango mdogo, usitoe simu mpaka uruhusiwe. Ukikuta hakuna sherehe, bado tembea, kaa kwenye colmado, ongea. Nilipomwambia mzee mmoja kwamba kwetu kuna nchi mbili zenye jina la Kongo, na kwamba mto wenyewe upo unapita, alinishika mkono akaniambia nilitamke tena.

Mwenye muda wa ziada na gari akodi siku ya nne aende Boca de Nigua, magharibi mwa mji, kuona magofu ya kinu cha sukari ambako watumwa waliasi mwaka 1796. Matao ya matanuri bado yamesimama.

Hatua ya 9: Kuondoka

Zawadi nzuri ni kahawa, kakao, na larimar, jiwe la buluu linalochimbwa nchi hii tu, upande wa Barahona. Vipande vingine vinavyouzwa El Conde, barabara ya maduka ya Zona Colonial, ni plastiki. Chukua kwenye duka linalotoa risiti, na lishike jiwe kiganjani: la kweli huwa la baridi na zito kuliko ulivyodhani, na michirizi yake meupe haijirudii.

Hakikisha una msimbo wa E-Ticket wa kutokea. Fika uwanjani masaa matatu kabla ya ndege kuondoka. Noti ndogo zilizobaki usizibadilishe, mpe aliyekubebea mzigo au mama wa kahawa, na peso moja ya sarafu iweke mfukoni ukamwonyeshe nyumbani anayekusanya.